Herufi Mbili Nilizozikata

Mbele ya duka la mpwa wangu mjini Arua kuna kibao ambacho kila asubuhi kinanichefua kabla sijanywa chai. Kimeandikwa STATIONARY kwa rangi ya buluu, na ile A ya mwishoni imekaa mahali pa E. Ukiiandika kwa E ni vifaa vya kuandikia. Ukiiandika kwa A ni kitu kisichosogea. Nilimwambia fundi wa rangi siku ileile, rangi ikiwa bado mbichi, akaniangalia kwa upole akasema, "Madamu, si inasomwa sawa tu?" Mpwa wangu akacheka, akasema kweli duka halisogei. Kibao kipo mpaka leo na wateja wanaingia.

Nilifundisha Kiingereza miaka mingi, Koboko kwanza, halafu Arua, mpaka nikastaafu. Sasa nina meza yangu ndani ya duka hilo, nyuma ya mashine ya fotokopi. Watu wanaleta karatasi walizoandika kwa mkono, maombi ya kazi, kumbukumbu za mikutano, ratiba za mazishi. Mimi napitisha kalamu nyekundu, mpwa wangu anachapa, wanaondoka na kitu kinachosomeka. Mtu asinionee huruma, kazi naipenda. Ninachochukia ni zile karatasi zenyewe.

Sisemi kwamba zinanisikitisha. Zinanitia kinyaa, kinyaa kilekile cha kukuta unywele ndani ya mboga. Kuna bucha njiani kuelekea Koboko imeandikwa Fresh Meet. Nyama ni meat. Meet ni kukutana. Kwa hiyo mtu yule anauza mkutano mbichi, na kila nikipita nawaona wajumbe wametundikwa kwenye ndoano. Kuna mzazi aliyeleta barua kwamba mwanawe hakuja shule kwa two weak, yaani dhaifu mbili, badala ya wiki mbili. Ukiwaambia wanacheka. Hicho kicheko ndicho kinachonimaliza, maana mtu anacheka huku anaweka karatasi mfukoni vilevile ilivyo.

Mwaka mmoja tulimzika mwalimu mwenzangu huko Lobule. Ratiba ya mazishi ilisema He will be berried saa nane mchana. Kuzika ni bury, na berry ni tunda dogo la porini. Yanatamkwa sawasawa, hata na Waingereza wenyewe, lakini mwenye macho huyaona. Watu wanalia, mjane ameishiwa nguvu amelazwa kivulini, na mimi nimetoa kalamu mkobani nasahihisha ratiba juu ya goti. Jirani yangu kwenye benchi alinikata jicho. Sikujali. Nilimwona yeye ndiye mchafu, kukubali kuishika karatasi ile na kuikunja vizuri kama kitu cha maana.

Hayo ni maneno yanayofanana hata kwa wenye lugha yao. Sisi huku tumejiongezea mengine ya kwetu. Hut, hat, hurt, heart, kwa Mwingereza ni maneno manne. Kwa mdomo wa Arua ni neno moja, hat, na ndani yake kuna kibanda, kofia, maumivu na moyo, vyote vimepikwa sufuria moja. Lakini yaliyoniudhi kuliko yote, tangu siku yangu ya kwanza kushika chaki, ni live na leave. Live ni kuishi, kukaa mahali. Leave ni kuondoka. La kwanza lina i fupi, ya kivivu, mdomo umelegea. La pili lina i ndefu, midomo imevutwa kama mtu anayepigwa picha. Midomo yetu haina habari na tofauti hiyo. Inatoa i moja, ya katikati, na anayeishi na anayeondoka wote wanatokea mlango mmoja.

Ukimuuliza mtoto anaishi wapi anaandika I leave in Kuluba. Nimeyafuta maneno hayo ubaoni mpaka vidole vikapasuka kwa chaki. Nilikuwa nawasimamisha darasa zima: live, legeza, leave, tabasamu. Wanalegeza, wanatabasamu, kengele inalia, wanatoka nje na i yao ileile. Nikiwa peke yangu nilikuwa nasonya mpaka walimu wenzangu wakanizoea.

Basi asubuhi moja, siku za mavuno ya kwanza, aliingia dukani katibu wa kijiji kimoja cha Kuluba, upande wa Koboko. Mtu mzima, mpole, suruali imepigwa pasi mstari umesimama, viatu vimebeba vumbi la njia nzima. Koboko umeme ulikuwa umekatika siku ya pili, ndiyo maana alikuja kuchapisha Arua. Mkononi alikuwa na karatasi tatu za daftari. Mwanaume mmoja wa kijiji chake alikuwa amefariki, na ndugu zake walikutana na mjane mbele ya mwenyekiti wa kijiji kuzungumza habari ya nyumba na shamba. Kumbukumbu za mkutano zilitakiwa ofisi ya gombolola, yaani sab-kaunti inayosimamia vijiji vya pale, siku hiyohiyo, kwa Kiingereza, zimechapwa. Gari lililomleta lilikuwa linageuza kurudi.

"Madamu, saidia mimi," alisema. "Hii iko na haraka sana."

Nilizipokea karatasi kwa ncha za vidole. Marehemu, ambaye kwa Kiingereza ni deceased, ameandikwa diseased toka juu mpaka chini, yaani mgonjwa, kwa hiyo watu walikuwa wanagawana nyumba ya mtu ambaye bado anaugua. Kipande cha ardhi, piece, kimeandikwa peace, kikawa amani ya ardhi. Their, yaani yao, na there, yaani pale, zimebadilishana viti kila mahali. Nilikuwa nashusha kalamu huku chai inapoa mkono wa kushoto.

Karatasi ya pili, katikati, palikuwa na sentensi hii: The widow wants to leave in the home of her late husband. Nikaona leave, nikaona in inaifuata nyuma, nikasonya. Leave haiandamani na in namna hiyo. Nikapiga mstari mmoja mwekundu juu ya in na kusonga mbele.

Katibu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Madamu," alisema, "pale mimi niliweka in."

"Nimeiona. Haihitajiki."

"Lakini ile mama, yeye alikuwa nasema..."

"Unataka Kiingereza sahihi, au unataka kile chako?"

Aliuangalia ule mstari mwekundu. Kisha akasema, "Sawa, Madamu. Wewe ndio iko najua."

Mpwa wangu alichapa. Kompyuta yake ina tabia ya kutia kimstari chekundu chini ya neno isilolijua. Chini ya sentensi ile haikutia kitu, maana kila neno lilikuwa halali na sarufi imenyooka. The widow wants to leave the home of her late husband. Mjane anataka kuondoka katika nyumba ya marehemu mumewe. Katibu alishukuru mara tatu, akaingia garini na bahasha ameikumbatia. Nilimalizia chai yangu nikiwa najisikia safi, kama mtu aliyefagia ua wa jirani mvivu. Nasema hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya wiki tatu hivi, Jumatano, katibu alirudi. Safari hii suruali haikuwa na mstari.

"Madamu, kazi imeharibika," alisema. "Ile mama ya Kuluba wametoa yeye kwa nyumba. Shemeji yake alipeleka karatasi sab-kaunti. Bwana mkubwa akasoma, akasema, mama mwenyewe iko nasema anataka kwenda, basi aende. Sasa shemeji ameng'oa mulango. Mama iko nalala kwa jiko."

Mjane huyo, alinieleza, ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, Mkongo. Aliolewa Kuluba akiwa msichana na hajarudi kwao tangu hapo. Wazazi wake wamekufa, na kijiji chake kilishatawanyika. Mtoto wao mmoja, binti, ameolewa Omugo. Jiko alilokuwa analala ni kibanda cha nyasi kisicho na mlango, cha kupikia tu, na usiku mbuzi wa shemeji wanaingia humo kujikinga na mvua. Ndugu za marehemu walikuwa wanamwambia arudi Kongo, karatasi imeshasema.

"Na yeye alisema nini kwenye mkutano?" niliuliza.

"Alisema atakaa. Atakaa hapohapo, mpaka siku yake. Mimi ndio niliandika mubaya." Aliangalia chini. "Kingereza yangu ndio imefukuza yeye."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamfundisha. Palepale dukani, watu wamepanga foleni ya fotokopi, nikamweleza tofauti ya live na leave. Nikamtamkisha. Legeza. Tabasamu. Mtu mzima, katibu wa kijiji, analegeza mdomo mbele ya wasichana wa sekondari waliokuwa wanajizuia kucheka, jasho linamtiririka shingoni. Nikamwambia siku nyingine asome alichoandika kabla hajakileta kwa watu, kwa sababu herufi moja inaweza kumtoa mtu kwao. Nilikuwa nimekasirika kikweli. Nilimwangalia vile ninavyoangalia kile kibao cha mlangoni.

Alinishukuru tena. Akasema ataenda kuomba gombolola, labda watamsikiliza, akatoka.

Alipokwisha kuondoka nikavuta boksi la karatasi za zamani chini ya meza. Nilitaka kumwonyesha mpwa wangu kosa lenyewe, lile lililomfukuza mtu, aone matokeo ya kuandika ovyo. Nikaipata karatasi ya pili. Nikaona leave. Nyuma yake nikaona mstari wangu mwekundu, na chini ya mstari ile in.

Nikaisoma kwa sauti, kwa mdomo wa kwetu, bila kulegeza wala kutabasamu: wants to liv in the home. Sikio langu likasikia papo hapo. Anataka kuishi katika nyumba. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Katibu alikuwa amekosea herufi, lakini alimwachia mama yule ile in, na ile in peke yake ilikuwa inamshikilia ndani ya nyumba. Mimi, mwenye Kiingereza changu, nikakata neno pekee lililokuwa linasema ukweli, nikaacha lile lililokosewa. Na yule mtu alijaribu kuniambia. Nilimfunga mdomo.

Watu husema katika hali kama ile unasikia aibu. Aibu ilikuja baadaye. Kwanza nilisikia kinyaa, kilekile ninachokijua miaka yote, isipokuwa safari hii hapakuwa na mtu wa kumtupia. Niliuangalia mkono wangu juu ya karatasi, na kucha zangu nilizozipunguza vizuri Jumapili, nikataka kuuondoa machoni.

Mpwa wangu alisoma begani kwangu. Ni mwepesi, alielewa mara moja. "Aunti," alisema kwa sauti ya chini, "karatasi hii ni yetu. Yule mwenyewe ameshasema kosa ni lake. Ukiichana, nani atajua?"

Sikuichana. Lakini pia sikuinuka kumfuata katibu. Nikairudisha ndani ya boksi, nikaweka boksi chini ya meza, nikamwita mteja aliyefuata. Alhamisi nilisahihisha maombi ya kazi. Ijumaa nilisahihisha kadi ya harusi. Jumamosi nilimkaripia kijana wa chuo aliyeandika principle wa shule, akimaanisha mkuu wa shule, na principle ni kanuni. Mkuu ni principal. Nikasikia sauti yangu inavyopanda, ikanichukiza, nikaendelea kukaripia vilevile. Siku nne nilizikaa hivyo. Nazihesabu hapa kwa sababu mama yule alizilala na mbuzi.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia katibu simu. Nikamwambia aite watu kesho, nina kitu cha kuonyesha. Hakuuliza ni kitu gani. Alisema tu, "Sawa, Madamu."

Jumatatu nilishuka Koboko nikachukua bodaboda mpaka Kuluba. Mkutano ulikuwa uani kwa marehemu mwenyewe. Kaburi lake liko hatua chache kutoka nyumbani, limesakafiwa, na juu yake kulikuwa kumeanikwa mihogo. Nyumba ni ya matofali, ndogo, imetunzwa. Mahali pa mlango palikuwa na uwazi mtupu, na vipande vya udongo vilikuwa bado vimelala pale bawaba ziliponyofolewa. Mlango wenyewe niliuona upande wa pili wa ua, umeegemezwa ukuta wa nyumba ya shemeji. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kwenye kiti, wazee na ndugu kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoletwa, na mjane ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania. Nilikuwa sijawahi kumwona.

Nikasimama nikasema. Nilisema kosa si la katibu. Nikaitoa karatasi, nikaonyesha mahali, nikaeleza kwamba bila mstari wangu sentensi ilikuwa inamtaka mama akae. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Wengi hawakujua Kiingereza, lakini mstari mwekundu kila mtu aliuona. Katibu hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na nilielewa kwamba anakumbuka foleni ya fotokopi.

Shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu, alivaa koti safi na aliongea taratibu. "Madamu, sisi tunashukuru," alisema. "Lakini ile siku wewe ulikuwa hapa?"

"Hapana."

"Basi wewe hapana jua yeye alisema nini. Katibu aliandika leave. Labda leave iko sawa, na in ndio makosa. Wewe mwenyewe uliona hivyo, na wewe ni mwalimu."

Nilimchukia mtu yule. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa anarudia maneno yangu, na kwa mdomo wake yalikuwa yananuka.

Kisha akamwambia katibu ayatamke maneno yote mawili, watu wasikie tofauti. Katibu akatamka. Liv. Liv. Wengine wakacheka. Shemeji akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa: "Na wewe, Madamu." Nimeyatamka maneno yale mbele ya madarasa yasiyo na idadi. Siku ile mdomo ulikuwa umekauka kwa vumbi na kwa hofu, macho yote yako kwangu, nikalegeza, nikatabasamu, na yakatoka yote mawili sawa. Niliyasikia mwenyewe. Nikakaa chini.

"Mwenyekiti," mjane alisema, "mimi naomba kuuliza."

Mwenyekiti akampa ruhusa. Hakusimama. Alizungumza kile Kiswahili cha ng'ambo, bila kupandisha sauti.

"Ile siku mimi hapana sema kingereza. Mimi hapana jua kingereza. Nilisema nabakia hapa, mu nyumba ya bwana yangu, pembeni ya kaburi yake. Mwenyekiti, wewe ulikalia hii kiti. Baba, wewe ulikuwa pale, na wewe pale." Alikuwa anawaonyesha kwa kidole mmoja mmoja. Akafika kwa shemeji. "Na wewe ulinijibu. Uliniuliza, utabakia utakula nini? Batu bote balisikia. Mutu hapana uliza mutu anaenda zake, utabakia utakula nini."

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, swali hilo lilikuwepo.

"Masikio bote mulikuwa nayo," mama aliendelea. "Kisha karatasi ikatoka Arua, na hakuna mutu alisikia mimi tena."

Niliwaangalia wale watu kwenye mabenchi, na kinyaa kikanijaa mpaka machoni. Hakuna hata mmoja aliyechanganya neno lolote. Siku ya mkutano hapakuwa na live wala leave, palikuwa na nabakia, na kila mmoja wao aliielewa nabakia. Walikaa pale wakaisikia, wiki hiyohiyo wakasomewa kwamba anataka kuondoka, wakaangalia pembeni wakati mlango unang'olewa. Karatasi ilikuwa imechapwa, Kiingereza chake hakina doa, nani abishane nayo. Kama ingebaki na makosa ya katibu, diseased na peace na leave in, bwana mkubwa wa gombolola angekuna kichwa, angemwita mama aulizwe. Usafi wake ndio ulimfukuza. Na usafi ule ulikuwa wangu.

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kitambaa. Akasema basi iandikwe upya, leo, hapahapa. Nikainuka. Nilisema nitaandika mimi, kwa uangalifu, na nitaisoma mara mbili.

"Hapana," mjane alisema, na kwa mara ya kwanza aliniangalia. "Wewe hapana. Yeye andike, yeye ndio alikuwa hapa. Andike na Kiswahili, asome, mimi nasikia. Kama bwana mukubwa anataka kingereza, atatafuta yeye mwenyewe."

Katibu akachukua daftari akaliweka juu ya goti. Aliandika polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Kisha akasoma kwa sauti, na mama alikuwa anaitikia kila kipande kwa kichwa. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakitia chini ya maneno. Mwenyekiti akapiga muhuri. Shemeji akatia sahihi shingo upande, na mwenyekiti akamwambia akalete mlango sasa hivi, watu wakiwa bado wapo. Akaenda. Aliubeba peke yake, hakuna aliyemsaidia, na koti lake safi likapakwa udongo.

Wakati fundi anapigilia bawaba nilikwenda nikachutama mbele ya mkeka. Nikasema, "Mama, naomba unisamehe."

Alinigeukia. "Wewe ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema jana. "Jumatano," nilisema.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea hesabu akaona imetimia. Akageuka kumwangalia fundi. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe, na sikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili.

Nilipokuwa natafuta bodaboda katibu alinifuata na karatasi mkononi. Ni mazoea tu, nadhani, au ni wema wake. "Madamu, angalia kidogo," alisema. "Kama iko sawa."

Ilikuwa mistari miwili. Mimi mujane nasema tena nabakia kwa nyumba hii. Apana kwenda mahali. Niliyaona makosa mawili ya herufi kabla sijamaliza kusoma, u iliyozidi kwenye mjane na h iliyokosekana kwenye hapana, na vidole vikaanza kutafuta kalamu mkobani. Nikavikunja. Nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia iko sawa, aipeleke hivyohivyo. Makosa yale mawili yako gombolola mpaka leo, chini ya muhuri, na mama yule yuko nyumbani kwake.